Mgeni Haondoki Mpaka Aridhike

4 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza goti linaendeleaje, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: mimi ndiye niliyekuua.

Najua habari za kifo chako zimekufikia. Mama Mdogo alimpigia Mjomba simu, analia na kucheka kwa wakati mmoja, akisema watu wawili wamempa pole ilhali wewe uko sebuleni kwake unakula. Mjomba amemlaumu mchora vibao. Mchora vibao amekubali lawama kwa sababu ni mtu mpole, na kwa sababu kukosea amezoea. Lakini maneno yalikuwa yangu.

Nianze na salamu kwanza, nipate nguvu. Sisi huku hatujambo. Mama anapiga simu kila Jumapili kutoka kule hospitali anakofanya kazi, anasema wagonjwa wameongezeka na manesi ni wale wale. Paa halivuji tena upande wa jikoni; sasa linavuja upande wa kitanda cha chumba cha pili. Mjomba ana afya nzuri. Tangu astaafishwe kule ofisi ya bima amepata nguvu ambazo hazina pa kwenda, na ndipo mambo yalipoanzia.

Alikwambia anakarabati nyumba yako ili urudi goti likipona. Kukarabati alikarabati kweli. Ila alipomaliza akasimama uani, akaitazama, akaipenda, akaamua iwe nyumba ya mapumziko ya wageni. Amejichapishia kadi zinazosema yeye ni Mkurugenzi. Majirani wanamwita hivyo kwa kumcheka, naye anaitika.

Mimi aliniambia: "Wewe umemaliza shule, na insha zako zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Niandikie maneno ya kibao. Mafupi, yamguse mtu moyoni."

Nilikaa siku tatu nikifikiria mtu anafanya nini hasa katika nyumba yako. Ndipo nikaandika: PUMZIKA KWA AMANI.

Mjomba aliyasoma akafumba macho. "Yamenigusa," akasema. Mchora vibao akaongeza maua mawili meupe pembeni bila kuombwa, na kibao kikasimamishwa kwenye geti lako Ijumaa saa nne asubuhi.

Saa sita wenzako wa kikundi cha ushonaji walikuwa wamejaa uani. Yule unayemwita Redio alilia mpaka jogoo wa jirani akanyamaza. "Jamani, hata kutuambia! Amezikwa lini?" Mjomba hakusikia vizuri. Akatoka na tabasamu lake la Mkurugenzi: "Karibuni, karibuni sana! Mngependa kuona chumba chake?" Wakaangua kilio upya. Akawaingiza ndani, akawaonyesha kitanda chako, shuka jeupe, taulo limekunjwa mfano wa bata. "Mtu akilala hapa," akawaambia kwa fahari, "hataki tena kuamka."

Redio akakaa chini sakafuni.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nimeshika birika. Sentensi moja tu ingetosha. Unanijua, Bibi. Birika lilipoa mkononi.

Lakini la uzito zaidi ni hili. Hicho chumba chako, chenye dirisha la kutazama ziwa, kiko tupu. Tangu nyumba ifunguliwe Desemba hajaja mgeni hata mmoja. Na nilimsikia Mjomba akimwambia Mama kwenye simu kwamba huwezi kurudi kwa sasa, kwa sababu chumba lazima kiwe tayari kwa wageni. "Mama yetu akilala pale," alisema, "kalenda yote itaharibika." Kalenda yenyewe iko ukutani jikoni. Haina alama hata moja.

Nisamehe kwa kukuua.

Mjukuu wako,
Kimya

27 Februari

Mke mwenzangu Kimya,

Marahaba. Marehemu anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa miwani. Umefanya vizuri kuandika. Simu ya hapa ni ya mama yako mdogo, na lazima aifungulie sauti nyumba nzima isikie, eti mimi ndiye kiziwi.

Huku sote wazima. Mama yako mdogo ana kazi nyingi, watoto wake wana mitihani, mume wake ana runinga. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi. Si kwa kukosa chumba, ni kwa kupenda kwangu. Nimeshajua majina ya wachezaji mpira wote, hata wale wanaokaa benchi, na hao ndio nawaonea huruma. Kochi ni zuri. Lina bonde katikati, ukishaingia hugeuki. Na mtu wa umri wangu ageuke ili iweje?

Kufa kwangu hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kusikia kwamba Redio alinisifu mbele za watu kuwa nilikuwa mpole. Nani alimruhusu? Nimemwandikia afute.

Na wewe acha kujipiga kifua. Kosa si lako, ni la lugha. Imewapa walio hai na waliokufa kitanda kimoja. Mwambie mchora vibao aondoe "kwa amani." Aliye hai anapumzika kwa muda tu, kisha anaamka anapika.

Mjomba wako usimchukie. Huyo tangu utoto akishika kitu lazima kigeuke duka. Akiwa na miaka saba aliwauzia wenzake kivuli cha nyumba yangu, akawapangia na zamu za kukaa. Nilimchapa, lakini moyoni nilicheka.

Mapazia yangu nani anayapiga pasi? Pasi isiwe ya moto sana, kitambaa kile ni cha kubembelezwa. Kuhusu chumba sina neno.

Matokeo yako yametoka? Hukuandika.

Bibi yako aliyefufuka

2 Aprili

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti linakusikiliza. Hapa wote wazima, na jogoo wa jirani naye mzima, kwa bahati mbaya. Mapazia napiga mimi, pasi ya uvuguvugu. Matokeo yametoka. Insha nimepata alama ya juu kabisa. Masomo mengine nayo yametoka.

Kibao kimefutwa. Sasa kinasema KARIBU tu, lakini rangi ilikuwa nyembamba na ukikitazama kwa upande bado unaona AMANI kwa chini. Wapita njia wanapunguza mwendo na kuvua kofia.

Mjomba anasema biashara haiko kwenye kibao, iko kwenye maelezo. Kwa hiyo ameninunulia daftari na kunifundisha kuandika matangazo. Jogoo tunamwita "kuamshwa na sauti za asili." Umeme ukikatika ni "jioni za mishumaa." Simu kukosa mtandao ni "mbali na karaha za dunia." Lile paa la chumba cha pili nilitaka kuliacha tu, akasema hapana, kila kitu kina bei yake ya maneno, tukaliandika "sauti ya mvua karibu nawe." Nilimwambia shuleni tulifundishwa kwamba insha isidanganye. Akasema, "Hatudanganyi. Tunakunja taulo liwe bata. Taulo ni lile lile."

Basi wakaja maharusi wawili. Walikuwa wageni wetu wa kwanza. Mjomba aliwapa chumba cha pili, akasema Namba Moja ni cha wageni wakubwa zaidi. Mvua ilinyesha, ikawa karibu nao kama tulivyoahidi. Asubuhi Mjomba akampelekea bibi harusi kitabu cha maoni, akiwa na kalamu mkononi. Aliandika neno moja: "Tumeoga." Wakaondoka kabla ya chai.

Siku mbili Mjomba alikisoma na kukisoma tena kitabu hicho. Siku ya tatu akasema tunahitaji ahadi, kitu cha kumfanya mgeni atuamini hata kabla hajafika. Akaniamuru niandike: mgeni asiondoke bila kuridhika. Nami wakati ule nilikuwa nakufikiria wewe, Bibi, mkono ukaenda wenyewe. Nikaandika: MGENI HAONDOKI MPAKA ARIDHIKE. Chini yake akaongeza maneno aliyoyaona duka la magodoro: MALIPO BAADA YA KURIDHIKA. Akatia saini, akapeleka kwa mpiga chapa. Kosa langu nililiona vipeperushi vikiwa vimeshafungwa mafungu, na sijamwambia. Vinasomeka kama amri ya jela. Nakutumia kimoja uone mwenyewe.

Juzi nilijaribu kusema ulichokataa kusema. Mjomba alikuwa anahesabu taulo.

"Mjomba," nikasema.

"Naam, mwandishi wangu."

"Chumba cha Bibi..."

"Hatusemi chumba cha Bibi. Tunasema Chumba Namba Moja."

"Chumba Namba Moja," nikasema, "kina vumbi."

Akanipa kitambaa. Nikapangusa. Halikuwepo vumbi lolote, maana napangusa kila siku.

Nisamehe tena.

Kimya

30 Mei

Mke mwenzangu,

Usikasirike nimekawia. Nilikuwa na shughuli. Na usiulize habari za mwandiko, meza ya huku imeinama.

Mama yako mdogo hajambo. Siku hizi amekuwa mwema mno, hata maji ananiletea. Watoto wamenichorea picha ya mimi nikikimbia. Wanatembea kwa ncha za vidole, na runinga imenyamazishwa, kwa hiyo sijui tena nani amefunga bao na maisha yamekuwa marefu.

Hongera ya insha. Masomo mengine yaache yapumzike, kwa amani yakitaka.

Kipeperushi nimekisoma. Si amri ya jela hata kidogo. Kwangu kimesomeka kama posa. Ila nina maswali ya kizee. Kimepigwa chapa, siyo? Ile saini ni ya mwanangu mwenyewe, na herufi ya kwanza imepinda kama alivyoipinda tangu darasa la pili? Na pamesemwa popote kwamba mgeni lazima awe mtu asiyejulikana? Nimetafuta mbele na nyuma sijaona.

Nimeona pia kwamba chini kuna fomu ya kukata na mkasi. Mimi nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Mkasi ninao.

Sina la zaidi. Fungua dirisha la kile chumba asubuhi, hewa ipite.

Bibi

14 Juni

Bibi,

Shikamoo. Wote wazima, salamu nyingine nitazitoa baadaye, nina haraka ya kukwambia.

Fomu imefika. Mjomba aliisoma getini, akaisoma uani, akaja kunisomea jikoni. Jina la mgeni: FUNDI MSTAAFU. Sababu ya safari: KUPUMZIKA, LAKINI NITAAMKA. Muda wa kukaa: KAMA MLIVYOAHIDI. Mjomba akapiga meza. "Umeona? Ana utani! Wateja wenye utani ndio wanaoandika maoni mazuri. Na wastaafu ndio soko lenyewe, hawana haraka."

Umeandika kwa herufi kubwa ili asijue mwandiko, lakini ile N yako bado ina mkia kama sindano iliyotungwa uzi. Nilijua hata kabla hajafika neno la pili. Sikusema kitu, na safari hii sikunyamaza kwa woga.

Ameweka alama kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Ndiyo alama ya kwanza. Anataka asimame getini na maua mgeni akishuka.

Naogopa, Bibi. Akikuona akakurudisha kwenye kochi, je? Atasema kwa upole, kwa maneno mazuri, na mimi nitakuwa nimesimama pale nimeshika kitu fulani. Ukirudishwa safari hii hutajaribu tena, nakujua, utasema kochi ni zuri mpaka mwisho.

Hili hapa ni jibu rasmi aliloniamuru kukuandikia: Mgeni wetu mtukufu, Chumba Namba Moja ni chako kuanzia tarehe moja Julai. Mteja ni mfalme.

Uje.

Kimya

23 Julai, jikoni

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Kutoka kwenye meza hii mpaka kwenye kitanda chako ni hatua kumi na mbili, na najua huu ni mchana na hujalala. Lakini nikija kukwambia kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama unataka chai. Kwa hiyo naandika, nitapitisha chini ya mlango.

Mama amepiga simu, anasema mgongo uliokuwa ukimsumbua umepona. Salamu nimemaliza.

Kwanza kuhusu siku uliyofika. Wewe ulikuwa unamtazama Mjomba, mimi hukuniona. Aliposimama na maua yake, teksi ikafunguka, ukatangulia mkongojo na wewe ukafuata, nilitazama ule mkongojo nikaelewa ni kwa nini meza ya Mama Mdogo ilikuwa imeinama. Hukuwahi kuniambia ulianguka. Mpaka leo hujasema.

Mjomba akasema, "Mama! Karibu, lakini leo umekuja siku mbaya, kuna mgeni namsubiri."

Nawe ukamwambia, "Basi acha kusubiri, nipe hayo maua, mkono mmoja uko wazi."

Ukamwonyesha fomu. Alibadilika rangi, akasema hiyo ni ya wateja. Ukamuuliza, "Na mimi ni nani?" Akasema watu watatucheka. Ukamwambia, "Walishanililia, kucheka ni nafuu." Ndipo akanigeukia mimi, akiwa na uhakika kabisa, maana mimi ndiye mtu asiyewahi kumkatalia: "Kimya, hebu mweleze Bibi yako kwamba Chumba Namba Moja kimeshachukuliwa."

 Nikasikia mtu anasema, "Kimechukuliwa, Mjomba. Kimechukuliwa na yeye. Saini ni yako." Mtu huyo alikuwa mimi. Kisha nikabeba begi lako upesi nikaingia nalo ndani kabla ile sauti haijaniacha, nikakaa kitandani kwako mpaka mkongojo ukasikika kwenye korido.

Hayo mengine unayajua. Kila asubuhi anabisha hodi akiwa amevaa tai: "Mgeni, umeridhika?" Na wewe: "Bado." Siku ya kwanza mto ulikuwa mgumu. Siku ya pili bawaba zilikuwa zinalia. Siku ya tano ukamwambia huwezi kuridhika wakati chumba cha jirani kinavuja, mtu mwenye moyo haridhiki peke yake, na Mjomba akapanda juu ya paa na tai yake. Nyumba haijawahi kuwa nzuri namna hii. Redio alipokuja kukutazama aliandika kwenye kitabu cha maoni, "Hapa hata marehemu wanarudi," na Mjomba akaiweka kwenye kipeperushi kipya. Chumba cha pili sasa kina nafasi zilizowekwa mpaka Septemba. Watu wanapiga simu kuuliza kama ni kweli.

Sasa hili ndilo jambo lililonifanya niandike.

Jana asubuhi alipokuuliza, ulitazama ziwa, ukasema, "Leo nimetafuta kosa, nimekosa. Karibu niridhike." Najua ulikuwa unatania. Lakini Mjomba hakucheka. Alisema "Vizuri sana" kwa sauti ambayo siyo ya Mkurugenzi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, na chai yake hakuinywa.

Leo saa nne, wewe ulipokuwa uani na Redio mnabishana, nilileta mapazia chumbani kwako. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mjomba alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, ana bisibisi. Nikadhani anakaza skrubu. Nilitazama vizuri mkono wake unazunguka upande gani. Alikuwa anailegeza.

Akaniona.

"Kimya."

"Naam, Mjomba."

"Hukuona kitu."

"Upepo ukija dirisha litagonga, Mjomba."

"Ndiyo," akasema. "Litagonga asubuhi yote. Hakuna mtu anayeweza kuridhika na dirisha kama hilo." Akaitoa skrubu kabisa, akaitia mfuko wa shati, akaupapasa mfuko. "Na nikilitengeneza," akasema, "kuna ile meza ya pembeni. Mguu mmoja siuamini." Akajipangusa magoti, akatoka akipiga mluzi kama mtu aliyepata wageni mia.

Kwa hiyo kesho dirisha litagonga, Bibi. Lalamika kama kawaida yako, kwa sauti ya kutosha, na tafadhali usimtazame mfuko wa shati. Aliponiambia sikuona kitu sikumkatalia, na kuandika, kwa hesabu yangu, si kusema. Soma, chana vipande vidogo, kisha niite uniombe chai. Asijue kwamba unajua.

Kimya wako